Kari, Pado, Machani

Jumamosi ile tulikuwa wanne. Mimi, kifungua mimba wa nyumba hii. Dada yangu anayenifuata, aliyesomea kompyuta kwenye chuo cha ufundi. Kitinda mimba wetu, msusi wa nywele kule Silibwet, ambaye huja nyumbani mwisho wa wiki na mfuko wa mandazi na maneno mengi. Na Kogo. Kwa Kikipsigis kogo ni nyanya, lakini huyu wetu ametoka upande wa ziwa. Alikuja huku akiwa msichana kuchuma majani kwenye shamba kubwa la chai, akastaafu, akabaki kwenye kiploti kinachopakana na chetu kwa ua wa kayaba. Mke wangu na watoto walikuwa wameenda kanisani kwa mazoezi ya kwaya, kwa hivyo siwahesabu. Hao wanne nawahesabu kwa sababu angekosekana mmoja, kazi ile haingeisha.

Tuliketi jikoni kwa maana ndiko kulikokuwa na moto. Mvua ya saa nane ilikuwa imeanza kupiga mabati. Dada yangu aliweka laptopu juu ya gunia la mahindi, akaifungua, akaitazama bila kusema neno. Nilimlea mimi. Nikimwona amenyamaza namna ile, najua kuna kitu kimevunjika.

"Sema," nikamwambia.

"Wamenipa hadi Jumatatu."

Nieleze kidogo. Majani ya chai yakishachumwa hayangoji mtu. Lori la kuyapeleka kiwandani likichelewa, yanapata joto ndani ya magunia, yanageuka rangi ya kahawia, na mwisho yanamwagwa kando ya barabara. Chama kidogo cha wakulima wa upande wetu wa Kimulot kilikuwa kimetoa namba moja ya simu, ili mkulima akiona lori limekwama ama halijafika atume meseji. Meseji zilikuwa nyingi. Nyingine zilikuwa salamu tu, nyingine maswali ya mbolea, nyingine za mtu aliyekosea namba. Dada yangu alipewa kazi ya majaribio atengeneze programu ya kuzisoma zote na kuinua zile za lori peke yake, ili lori la pili litumwe haraka.

Alhamisi ya wiki hiyo, meseji moja kutoka kituo cha kukusanyia majani ng'ambo ya mto ilipita mbele ya programu, na programu ikaiacha. Ilisema: "Kari pado kuja na machani inaanza kua moto." Majani ya kituo kizima yalimwagwa. Akina mama waliokuwa wameyachuma tangu alfajiri walisimama wakiyatazama. Kamati ya chama ingekaa Jumatatu jioni, na kama jambo lile lingetokea tena, wangerudia kupigia makarani simu kama zamani na dada yangu angefunga kazi. Rafiki yake mmoja wa chuo alikuwa tayari amemtafutia pa kulala Nairobi.

Mimi niliacha shule ili hawa wawili wasitawanywe kwa wajomba. Sikutaka mmoja aondoke kwa sababu ya herufi.

"Hebu nionyeshe inavyofanya kazi," nikamwambia.

Akanigeuzia kioo. Palikuwa na maneno yamepangwa, moja chini ya lingine: gari, lori, bado, majani, imekwama, matope. "Hii ni orodha," akasema. "Sisi tunaiita arei. Programu inachukua orodha, inaweka kijiti kati ya neno na neno. Hicho kijiti maana yake ni ama. Gari ama lori ama bado, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ikishaunganisha yote inakuwa kitu kimoja, tunakiita regeksi. Kila meseji inapitishwa hapo kama chai kwa chujio."

"Na kari iko wapi?"

"Kari si neno."

Kitinda mimba alicheka hadi akashika ukuta. "Si neno? Huyu mzee ameendesha nyumba hii na hilo neno. Mzee, sema gari."

"Gari," nikasema, na nikajisikia mwenyewe.

"Umesikia? Kari." Akamkonyeza dada yake. "Uchi uko kwa sufuria."

Dada yangu hakucheka. Alinitazama mimi kwanza, kuona kama nimeumia. Nami sikuwa nimeumia. Nilikuwa nimerudi mbali.

Baba alitangulia, na mama akamfuata nikiwa darasa la saba. Niliacha shule wiki hiyo hiyo. Nilikuwa natoka gizani kuwahi mistari yangu ya chai, na kabla ya kutoka nilipika uji, jambo ambalo vijana wa rika langu walinicheka nalo, kwa maana kwetu mvulana mkubwa hana kazi jikoni. Dada yangu alikuwa darasa la pili. Ili asipotee akiamka, nilimwandikia kwa mkaa nyuma ya mlango wa mbao. UCHI UKO KWA SUFURIA. FUNGA MPUSI. USIENDE MTONI. Niliandika jinsi nilivyosikia mdomo wangu ukisema. Uji kwangu ulikuwa uchi na mbuzi alikuwa mpusi, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba uchi ni kukosa nguo, wala haunywewi.

Siku moja mwalimu aliwaambia waandike insha juu ya asubuhi nyumbani. Dada yangu, kwa kuwa aliniamini kuliko kitabu, aliandika kwamba kaka yake humpikia uchi kila siku. Mwalimu alisoma kwa sauti. Dada yangu alirudi nyumbani na macho mekundu, akachukua chaki aliyookota, akasimama juu ya debe na kunisahihishia mlango wote. Kesho yake niliacha kumwandikia. Nilimwambia kwa mdomo kabla sijatoka, hata kama ilibidi nimwamshe. Tangu siku ile kalamu niliitumia kutia sahihi tu.

Ule mlango upo hadi leo. Tulipojenga nyumba hii, niliuhamishia kwenye zizi la ndama.

"Ngoja," dada yangu akasema. Akajifunika gunia kichwani, akatoka kwenye mvua, akakaa huko muda. Aliporudi miguu ilikuwa matope matupu. "Mpusi bado anasomeka," akasema. "Mkaa umeingia kwenye mbao." Akaketi, akaweka vidole tayari. "Mzee, nipe maneno. Yote. Vile unavyoyaandika."

"Nitaaibisha chama."

"Chama kimeaibika tayari. Nipe."

Nikaanza na yale ya meseji yenyewe. Kari. Pado. Machani. Kisha pato, kwa maana kuna watu huku ambao hata d inawashinda. Imegwama. Madope. Aliandika bila kunisahihisha hata mara moja, na nilihisi jambo ambalo sikulitarajia, kama mtu anayerudishiwa jembe lake.

Katikati akasimama. "Kwa nini nisifupishe? Naweza kuiambia tu kwamba g na k ni kitu kimoja, b na p, d na t. Nikamaliza kwa mstari mmoja."

"Umejaribu?"

"Jana. Ilinichanganyia bata na pata. Kila aliyepata kitu ikadhani ni mwenye bata."

"Kwa sababu hatukosei ovyo," nikamwambia. "Hakuna mtu huku anaandika gesho, hata kama anasema gesho. Kesho tumeiona kwenye kila duka: leo pesa, kesho mkopo. Lakini imekwama nani ameiona imeandikwa wapi? Hiyo tunaisikia tu kwa dereva. Kwa hivyo tunaiandika na masikio."

Alinitazama. "Mzee, hayo hawakutufundisha chuoni."

"Chuoni wanajua kuandika."

Tukaendelea. Kitinda mimba aliongeza ya vijana wa Silibwet, ambao wakiandika meseji wanazibana herufi kama wanaozilipia ushuru: bdo, gri, aijakam, yaani haijaja. Orodha ilipofika maneno arubaini na kitu, dada yangu akazipitisha meseji za wiki mbili zilizopita kuona zitakazoinuka.

Ya Alhamisi iliinuka. Tulishangilia. Kisha ikainuka nyingine: "Wote mnakaribishwa kwa harambee ya kanisa." Na nyingine: "Lori inaweza kubebea mama sukari kilo mbili?"

"Hii ya kanisa na lori wapi na wapi?" kitinda mimba akauliza.

Dada yangu alijipiga kwenye paji. "Kari. Iko ndani ya mnakaribishwa. Iko ndani ya sukari. Mashine ikiona kari popote inashika." Akaeleza kwamba hajaliwekea neno ua. Kuna alama ya kuweka mwanzo na mwisho, mkwaju ulioinamia nyuma na herufi moja, ambayo inaiambia mashine kwamba neno linaanzia hapa na kuishia hapa, lisiingie kwa jirani.

"Herufi gani?"

"B."

"Na nikiandika p?"

"Ukiandika p haitakuelewa kabisa."

"Basi andika wewe," nikasema, na hapo hata Kogo alicheka, yeye aliyekuwa amekaa kando ya moto akigeuza omena kwenye karai na kutuacha na mambo yetu.

Ua ukawekwa. Ujumbe wa kanisa ukatulia. Ile ya sukari ilibaki, lakini kwa haki, kwa kuwa mwenyewe alitaja lori. Kitinda mimba akaomba aandike maneno yake ya mwisho kwa mkono wake, dada yangu akampisha. Akaandika, akabonyeza, na meseji zote zikainuka. Zote. Salamu, mbolea, hata ya mtu aliyekosea namba akimtafuta shangazi yake.

"Umefanya nini wewe?"

"Sijafanya kitu. Mashine yako ni mgonjwa."

Dada yangu alipitia orodha kwa kidole, neno kwa neno, kama mtu anayechambua mchele. Mwishoni kabisa akakuta mstari ambao hauna kitu. Kitinda mimba alikuwa amebonyeza mara mbili. "Umeniachia nafasi tupu," akasema. "Baada ya kijiti cha mwisho hakuna neno. Sasa mashine inatafuta gari ama lori ama hakuna. Na hakuna iko kila mahali."

Akaifuta. Meseji zikashuka. Mimi nilibaki nikifikiria ile nafasi tupu, na bila kutaka nikamtazama Kogo. Naye alikuwa ananitazama.

"Na mimi nikituma?" akauliza.

"Kogo, wewe hutumi meseji," kitinda mimba akamwambia. "Simu yako ni ya kupokea tu."

"Watoto wa pale kambini kwa wachumaji wanatuma. Wanaandika vile sisi wazee tunasema. Kwani sisi hatuna majani?"

"Ungesema nini, Kogo?"

Akaondoa karai motoni, akajifuta mikono kwa leso. "Ningesema, lori imesindwa kupanda. Tuko na sida."

Dada yangu aliandika vile vile alivyosikia, akaijaribu. Neno lori lilikuwepo, kwa hivyo ikainuka. "Sema bila lori," nikamwambia Kogo.

"Imesindwa kupanda, tuko na sida."

Mashine ikaiacha ipite.

Tulipokuwa watoto tulikuwa tunamwigiza. Akipita na kikapu mgongoni tulimwita kutoka nyuma ya ua, "Kogo, unaenda samba ama unaenda sule?" Mimi nikiwa mkubwa wao nilikuwa wa kwanza kuanza. Sisi ambao hatuwezi g tulimcheka asiyeweza sh. Na huyo huyo, mama alipozikwa, alikuja kesho yake asubuhi akanyoosha mikono na kuchukua kitinda mimba wetu, aliyekuwa hajaanza kutembea. Akamfunga mgongoni na leso. Msichana huyu anayetucheka leo alikulia mgongoni mwa Kogo, kati ya mistari ya chai, hadi akajua kukimbia. Hakuomba kulipwa. Nilipomuuliza nitamfanyia nini, alisema kitu kimoja tu. Dada yake yuko nyumbani kando ya ziwa, alisomea kwa wamisheni, anajua kusoma. Yeye Kogo hajui hata kushika kalamu. Nimwandikie barua moja.

Nikasema ndiyo. Na wiki ile ile ndipo insha ya uchi iliposomwa darasani.

Nilimwambia kesho. Baadaye nikamwambia msimu wa majani ukipungua. Simu zilipokuja nilifikiri zimeniokoa, lakini dada yake akawa amekufa masikio, hasikii hata ngoma. Miaka ishirini na zaidi nimemkwepa mama mmoja nyuma ya ua wa kayaba, mimi ambaye watu husema sijawahi kuvunja neno.

"Endelea, Kogo," dada yangu alikuwa anasema. "Imesindwa, sida. Nini kingine?"

Kogo akatoa maneno yake polepole, moja moja, kama anayetoa mayai kwenye kiota. Imesuka kwa mtaro. Wamesusa magunia. Pangusi imepasuka, yaani pancha. Dada yangu alichoka mikono, na kwa kuwa nilikuwa karibu, alinisukumia laptopu. "Andika wewe. Mimi nitaweka vijiti."

Nikaandika. Kidole kimoja, herufi moja kwa wakati. Hakuna aliyenicheka, hata yule wa Silibwet. Mvua ilipoisha tulikuwa na maneno sabini na tatu, na hakuna hata nafasi moja tupu.

Jumatatu nilikuwa shambani tangu asubuhi, simu ndani ya buti ili isilowe. Saa saba dada yangu alipiga.

"Mzee, imeinuka moja. Ya kituo cha karibu na kambi. Nakusomea: 'Imesindwa kupanda hapa kwa daraja, tusaidie.' Basi. Hakuna gari, hakuna lori, hakuna majani."

"Ni imesindwa peke yake."

"Ni imesindwa peke yake. Lori la pili limeshatoka."

Majani yale yalifika kiwandani yakiwa mabichi. Kamati ilikaa jioni ikamwongezea muda hadi mwisho wa mwaka, na begi alilokuwa amelitoa juu ya kabati kwa safari ya Nairobi akalirudisha.

Nilipitia kwenye pengo la ua kumpelekea Kogo habari. Alikuwa anaanua nguo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo ni neno langu liliita lori."

"Ni lako."

"Na wewe ndiye uliandika."

"Ni mimi."

"Basi kuandika unajua." Akakunja leso, akaiweka juu ya zile nyingine. "Na barua yangu?"

Nilienda nyumbani kuchukua daftari la mtoto wangu, nikarudi, nikaketi kwenye kigoda chake. Nilimwambia nitamwandikia vizuri, na dada yangu ataipitia kusahihisha, ili shamba iwe shamba na shida iwe shida.

"Wacha," akasema. "Andika vile nasema. Masikio yake yamekufa. Akisoma shida atajua ni mtu mwingine. Akisoma sida atanisikia."

Nikaandika tarehe. Nikaandika, "Dada yangu mpendwa, mimi bado niko hapa kwa samba." Nikasubiri. Kogo alifungua mdomo, akafunga. Akatazama upande wa magharibi, ambako kutoka kwake hakuonekani chochote isipokuwa chai. Akasema maneno ya miaka mingi hivyo hayapangiki kwa mara moja, nirudi akishayapanga. Lakini nisimwambie tena kesho.

Huu ni msimu wa majani mengi, tunachuma hadi jioni. Nimerudi kwake mara mbili, na kila mara tumeongeza mstari mmoja. Daftari liko nyuma ya kalenda, pale ninapoliona nikinywa uji. Lina mistari mitatu. Barua bado nadaiwa.